Kombe Ndani ya Jiwe: Zamani Bahari Ilifika Kwala

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wa Kwala na vijiji jirani vya Kibaha na Kisarawe. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika mwisho, jadilianeni maswali.)

 

Leo tunazungumza habari za kombe, konokono na jamaa zao wa baharini. Hatusemi wale wa kupikwa. Tunasema wale waliogeuka mawe. Katika nchi yetu ya pwani na bara yake, watu wanapopasua mawe ya chokaa au kuchimba njia ya reli, mara nyingine hukuta jiwe lenye umbo la kombe. Lina mistari kama kombe za pwani. Mwingine hulitupa. Mwingine huwapa watoto wachezee. Mwingine husema ni dawa. Lakini wapo watu waliolichukua jiwe kama hilo, wakaliangalia sana, wakauliza: Umefikaje hapa?

Hilo ndilo swali letu. Bahari iko Dar es Salaam na Bagamoyo. Sisi tuko ndani, upande wa bonde la Ruvu. Hata harufu ya chumvi haitufikii. Basi kombe imefikaje ndani ya jiwe?

KOMBE INAVYOGEUKA JIWE

Tuanze na mnyama mwenyewe. Konokono, chaza, kome na simbi ni wanyama laini, hawana mifupa. Wataalamu huwaita moluska. Wengi wao hujijengea nyumba ngumu ya chokaa, na nyumba hiyo ndiyo tunayoiokota pwani. Pweza na ngisi nao ni wa ukoo huohuo, ingawa pweza hana nyumba.

Mnyama huyu akifa, nyama yake huoza. Nyumba hubaki. Ikilala chini ya bahari, tope na mchanga huifunika. Mwaka huu tope kidogo, mwaka ujao tope kidogo. Tope la juu hulikandamiza la chini. Maji yanayopita ndani ya tope hubeba chumvi na chokaa, na vitu hivyo huganda na kuyashikamanisha matope yote. Baada ya miaka mingi sana, tope limekuwa mwamba, na kombe imo ndani yake.

Mara nyingine kombe yenyewe huyeyuka, likabaki umbo lake tu. Akina mama wanaofinyanga vyungu wanajua jambo hili. Ukibonyeza kidole katika udongo mbichi kisha ukauchoma, kidole hakimo, lakini alama yake imo. Mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ndani ya mwamba huitwa kisukuku. Vikiwa vingi ni visukuku.

Kama mnataka kujua jiwe lenu ni la chokaa au siyo, lipo jaribio dogo. Likwaruzeni jiwe kwa msumari hadi utoke unga kidogo. Dondosheni maji ya ndimu juu ya unga huo. Ukitoa povu dogo, hiyo ni chokaa. Jaribuni pia kwa ganda la yai, nalo ni la chokaa. Mtaona jambo lilelile.

WATAALAMU WA ZAMANI WALIBISHANA SANA

Msidhani kwamba Wazungu walizaliwa wanajua mambo haya. Walibishana miaka mingi. Wapo waliosema mawe yenye umbo la kombe huota yenyewe ardhini, kama viazi. Wengine walisema yaliletwa na Gharika ya Nabii Nuhu. Huko Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, watu waliona mawe yaliyojiviringisha, wakasema ni nyoka waliogeuzwa mawe na mtakatifu wao. Kumbe yalikuwa nyumba za moluska anayeitwa amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza, ambaye amekwisha toweka duniani.

Katika Italia alikuwapo mchoraji mashuhuri, Leonardo da Vinci. Miaka ya 1500 na kitu aliandika katika daftari lake habari za kombe zilizoonekana milimani. Alifanya hesabu ambayo hata sisi tunaiweza. Alisema kombe hai hutambaa dhiraa tatu au nne kwa siku. Gharika ilinyesha siku 40. Hebu tuzidishe: 40 mara 4 ni dhiraa 160. Hiyo haifiki hata mita mia moja. Lakini milima ile iko maili 250 kutoka bahari ile. Kombe isingeweza kufika huko kwa miguu yake. Basi akasema, bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa huko.

Baadaye alitokea Nicolaus Steno, daktari kutoka Denmark aliyekuwa akifanya kazi Italia. Mwaka 1666 alipewa kichwa cha papa mkubwa akipasue. Aliyaangalia meno yake, akaona yanafanana kabisa na mawe fulani ambayo watu waliyaita ndimi za nyoka. Mwaka 1669 alitoa kitabu. Alieleza kwamba matabaka ya mwamba yalilala moja baada ya jingine, na tabaka la chini ndilo la kwanza.

Jambo hili ni kama magunia ya mahindi ghalani. Ukikuta magunia matano yamepangwa, unajua bila kuuliza kwamba la chini kabisa ndilo lililotangulia kuwekwa. Huwezi kuweka la juu kabla ya la chini. Steno aliusoma mwamba namna hiyo.

Halafu huko Uingereza akaja mpima ardhi mmoja, William Smith, mtoto wa mhunzi. Hakuwa na elimu kubwa ya shule. Kazi yake ilikuwa kusimamia uchimbaji wa mifereji ya kupitishia mashua. Mfereji ukichimbwa, matabaka yote huonekana ukutani. Smith akagundua kwamba kila tabaka lina visukuku vyake. Ukiona kombe ya namna fulani, unajua uko tabaka gani, hata ukiwa mbali na mfereji. Mwaka 1815 alichapisha ramani ya miamba ya Uingereza na Wales. Tangu hapo kombe imekuwa kama muhuri wa tarehe juu ya mwamba.

MAWE YA PWANI YETU YANAANZA KUSOMWA

Sasa turudi nyumbani. Mmisionari Krapf, yule aliyetunga kamusi ya Kiswahili, aliishi upande wa Mombasa. Mawe yenye amonaiti kutoka huko yalifika Ujerumani, na mwaka 1859 mtaalamu wa Stuttgart, Oscar Fraas, aliandika habari zake. Alisema ni ya enzi inayoitwa Jurasiki. Mwaka 1877 mtaalamu mwingine, Beyrich wa Berlin, aliandika juu ya amonaiti wa Mombasa waliookotwa na msafiri Hildebrandt.

Mtaona kwamba kazi hii ilihitaji watu wawili. Mmoja aliokota. Mwingine alikaa mbali na makabati ya mawe ya nchi nyingi, akalinganisha. Akiona amonaiti wa Mombasa anafanana na wa Ujerumani au wa Bara Hindi, anajua miamba hiyo ni ya umri mmoja.

Wajerumani walipoitawala nchi yetu, walimtuma mtaalamu wa miamba, Wilhelm Bornhardt. Alizunguka nchi kati ya 1895 na 1897, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1900.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907. Njia hiyo ilipita upande wetu, Ruvu, ikaendelea Magindu, Kidugallo na Ngerengere. Ilibidi vilima vikatwe. Vilipokatwa, yakatokea mambo yaleyale ya mifereji ya William Smith: matabaka yakawa wazi. Huko Kidugallo na jirani zake yakaonekana mawe ya chokaa yenye visukuku vya bahari.

Mwaka 1907 alifika nchini Eberhard Fraas, mtoto wa yule Oscar Fraas tuliyemtaja. Baba alisoma mawe ya Mombasa, mtoto akaja kusoma ya kwetu. Mwaka 1908 aliandika juu ya miamba ya Jurasiki ya Kati katika nchi yetu. Mwaka 1924 Edwin Hennig alitoa maandishi marefu juu ya miamba hiyo katika bara ya nyuma ya Dar es Salaam. Ndugu, bara hiyo ndiyo hii yetu.

Walisema nini? Kwa hesabu za siku hizi, miamba ile ina umri wa miaka milioni 170 hivi. Wakati huo Afrika, Madagaska na Bara Hindi zilikuwa zimeshikana, nazo zilikuwa zinaanza kupasuka. Bahari iliingia katika ufa ule. Maji yake yalifika hadi Kidugallo na Ngerengere, na kama yalifika huko, Kwala ilikuwa chini ya maji. Baadaye maji yalirudi nyuma, na mito ikaleta mchanga na udongo juu yake.

Siku hizi Kwala inajulikana kwa Bandari Kavu, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2025. Watu hucheka, "Bandari bila bahari!" Kumbe bahari ilitangulia kufika.

Lakini tuseme na jambo moja la kusikitisha. Katika maandishi yale tunasoma majina ya Fraas, Hennig na Bornhardt. Waliokata vilima kwa sururu, wakalibeba jiwe la kwanza mikononi, majina yao hatuyasomi. Wao ndio walioona mwanzo. Hawakuandika, wala hawakuandikwa.

KOMBE ILIYOPIMA UMRI WA MIJUSI WAKUBWA

Wengi mmesikia habari za Tendaguru, Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Sattler alionyeshwa mifupa mikubwa huko. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi Lindi. Msimamizi mashuhuri wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, na huyu jina lake limebaki. Mjusi mmoja amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, naye ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Watu humsifu mjusi. Wachache humtaja kombe. Lakini mifupa peke yake haikutosha kueleza umri wake. Kule Tendaguru matabaka ya mifupa yamepangwa kwa zamu na matabaka ya mchanga wa bahari wenye kombe. Wachimbaji waliyaita matabaka hayo kwa majina ya kombe zake. Moja waliliita tabaka la Trigonia smeei. Kombe hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa mwaka 1840 kutoka Kutch, Bara Hindi. Basi kwa kuilinganisha na jamaa zake, ilifahamika kwamba mijusi wale waliishi mwishoni mwa enzi ya Jurasiki, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Ilifahamika pia kwamba Kutch na Lindi ziliguswa na bahari moja.

Mnaona? Kombe ndogo ya kujaa kiganjani ndiyo iliyotoa ushahidi wa umri wa mnyama mrefu kuliko mnazi mchanga.

KUFANANA SI KUWA NDUGU

Hata wataalamu waliteleza. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alifika Ziwa Tanganyika, akaokota magamba ya konokono. Mwaka 1859 mtaalamu Woodward aliyaandika huko London. Magamba yale yalikuwa mazito, kama ya baharini. Watu wakashangaa. Mtaalamu mmoja, Moore, alifanya safari mbili ziwani, akatoa kitabu mwaka 1903. Alisema konokono wale ni mabaki ya bahari ya kale iliyofika Ziwa Tanganyika.

Wengine wakaenda kuchunguza zaidi. Ikaonekana sivyo. Konokono wale ni wa maji baridi. Walibadilika humo humo ziwani kwa muda mrefu, wakapata nyumba nene. Sura ilifanana, asili haikufanana.

Kwa hiyo hatusemi kila jiwe lenye duara ni kombe. Mawe mengine hupata umbo kwa kumomonyoka tu. Kombe hasa ina mistari inayokwenda kwa utaratibu, au ina mzunguko unaokua kutoka mdogo hadi mkubwa. Na jambo kubwa zaidi, ni lazima kujua imetoka tabaka gani.

KALAMU YAKO INA KAZI HAPA

Sasa tufike kwenye shabaha yetu. Leo upande wetu unachimbwa kuliko wakati wowote. Reli ya kisasa imepita. Viwanda vinajengwa. Visima vinachimbwa, na mawe yanapasuliwa kuwa kokoto. Kila siku udongo ambao haujaonwa na mtu unaletwa juu. Vilivyomo ndani yake vikisagwa leo, havirudi. Kombe iliyongoja miaka milioni 170 inaweza kumalizika asubuhi moja ndani ya mashine ya kokoto.

Tena ipo hasara nyingine. Mtu huokota kisukuku kizuri, akakiweka dirishani. Baada ya mwaka hakumbuki kilitoka wapi. Jiwe la namna hiyo limekuwa bubu. Hata profesa hawezi kulisemesha. Linapendeza, basi.

Dawa yake ni karatasi na kalamu. Ukikuta kisukuku, andika mambo manne:

1. Mahali: kijiji, kitongoji, na alama iliyo karibu, kama daraja, mto au shule.
2. Kina: kilikuwa futi ngapi au mita ngapi chini, na katika udongo wa rangi gani.
3. Tarehe.
4. Jina la aliyekiona.

Kwa mfano: "Kisima kipya cha kitongoji, karibu na njia ya reli. Mita 6 chini. Jiwe la kijivu. Tarehe 12 Agosti. Kimeonwa na mama fulani." Ifunge karatasi pamoja na jiwe. Kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji au mwalimu, naye apeleke habari kwa wataalamu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Mambo ya Kale, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma.

Mtu atauliza: "Hayo yatanipa unga?" Swali ni la haki. Tunajibu hivi. Anayejua matabaka hujua maji yanakaa wapi na chokaa iko wapi. Saruji ya Wazo Hill, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1966, hutokana na jiwe la chokaa la bahari ya zamani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na wachimbaji wa visima vya namna hiyo hutazama magamba madogo mno ya viumbe wa bahari ili wajue wamefika tabaka gani. Basi elimu ya kombe si mchezo wa watoto. Ni elimu ya kujua tumekalia nini.

Neno la mwisho ni la usalama. Msiingie katika mashimo ya kokoto na kuchokora kuta zake. Kuta hubomoka. Msiende kuchimba penye reli. Chukueni kile ambacho kazi imekwisha kitoa juu. Kisukuku kikiwa kikubwa au kikiwa mfupa, msiking'oe. Kifunikeni, mwite mjuzi.

Wale waliokata vilima vya reli mwaka 1907 waliona kabla ya Fraas, lakini hawakuwa na kalamu. Sisi tunayo. Tuitumie.

MANENO MAPYA

Kisukuku: mabaki au alama ya kiumbe wa kale ndani ya mwamba.
Moluska: wanyama laini kama konokono, chaza na pweza.
Amonaiti: moluska wa bahari mwenye nyumba iliyojiviringisha, ametoweka.
Tabaka: udongo au mwamba uliolala kama mkeka juu ya mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini gunia la chini ghalani ndilo la zamani zaidi? Linatufundisha nini juu ya mwamba?
2. Leonardo alipiga hesabu gani? Ipigeni upya kwa dhiraa 3 kwa siku.
3. Kisukuku kisichoandikwa mahali kilipotoka kina hasara gani?
4. Katika kitongoji chenu, ni wapi panachimbwa mwaka huu? Nani atabeba daftari?